Kizima Moto cha Gari la Mbio: Je, Kijana Aweza Kukifunga Mwenyewe?

Barua nyingi zinazofika katika ukurasa huu huuliza juu ya homa za watoto, shinikizo la damu na vidonda visivyopona. Mwezi uliopita tulipokea moja ya aina nyingine kabisa. Mama mmoja ametuandikia kwamba kijana wake, fundi wa magari, amenunua Subaru Impreza kuukuu na anaitengeneza ili aingie katika mbio za magari, zile zinazoitwa rali. Ameambiwa kwamba hataruhusiwa kuanza bila mtambo wa kuzima moto uliofungwa ndani ya gari. Kijana anasema ataufunga mwenyewe. Tena anasema mtambo mpya ni ghali mno, kwa hiyo atachukua mtungi mwekundu kama ule wa kwenye daladala, atauunganisha na mabomba ya shaba, na mambo yatakwisha. Mama anauliza: "Je, nimzuie, au niuze ng'ombe nimsaidie?"

Tulipoisoma barua hiyo wodini baadhi ya wenzetu walicheka. Kisha mmoja akamtaja mgonjwa fulani, na kicheko kikaisha.

Mgonjwa huyo tuliletewa usiku mmoja miaka kadhaa iliyopita, amelazwa nyuma ya pikapu. Alikuwa kijana, dereva wa rali, na gari lake lilishika moto katika mazoezi baada ya bomba la petroli kupasuka karibu na injini. Mtambo wa kuzima moto ulikuwamo, tena mpya. Aliuvuta mpini wake mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, wala haukusogea. Ile pini ya usalama, inayozuia mtambo usifyatuke kwa bahati mbaya gari likiwa gereji, ilikuwa bado imechomekwa mahali pake na kitambaa chake chekundu kikining'inia. Alitoka akiwa hai. Lakini mikono yote miwili iliungua vibaya, akakaa kwetu wiki nyingi, kisha tukampeleka hospitali kubwa kubandikwa ngozi. Leo anatembea na anauza duka. Vifungo vya shati hufungiwa na mke wake.

Basi swali la mama huyu ni swali la afya kweli kweli, nasi tumeona tulijibu. Kwa kuwa sisi si mafundi, tulimwomba fundi mmoja mzee atusaidie. Huyu amewahi kuandaa magari ya Safari Rally, mbio zilizoanza mwaka 1953, na ambazo mwaka 2021 zilirudi katika mashindano ya dunia huko Naivasha, Kenya. Siku moja ya Jumamosi tulikwenda pamoja naye hadi gereji ya kijana, chini ya mwembe.

Moshi hutangulia

Watu wengi hudhani kwamba anayekufa katika gari linalowaka huuawa na ndimi za moto. Mara nyingi moshi huwahi kumfikia. Dereva mmoja wa Uswisi, Jo Siffert, alipata ajali tarehe 24 Oktoba 1971 katika uwanja wa Brands Hatch, Uingereza. Gari lilipinduka na kuwaka. Jeraha alilolipata katika kugonga halikuwa la kumwua, kwani mguu tu ndio uliovunjika. Lakini alinaswa ndani, vizima moto vilivyoletwa kutoka kandokando ya barabara havikufanya kazi, na moshi ukammaliza. Baada ya kifo hicho sheria zilibadilishwa, magari ya Formula One yakalazimishwa kubeba vizima moto vyake yenyewe.

Ukitaka kujua muda alio nao dereva, mtazame Mfaransa Romain Grosjean. Tarehe 29 Novemba 2020 huko Bahrain gari lake liligonga ukingo, likakatika vipande viwili na kuwaka. Alikaa katika moto ule kwa sekunde kama 28, akatoka mwenyewe. Alikuwa amevaa kofia ngumu, ovaroli na nguo za ndani zisizoshika moto upesi, na bado mikono iliungua. Hesabu moja hadi ishirini na nane polepole, msomaji, ukiwa umekaa hapo ulipo. Kijana wa fulana na suruali ya jinzi hawezi kuzipata sekunde hizo zote.

Kwa hiyo mtambo tunaouzungumzia haukubuniwa kwa ajili ya kuokoa gari. Gari laweza kuteketea lote. Mtambo ni wa kuukandamiza moto kwa muda mfupi tu, dereva na msoma ramani wake wapate kufungua mikanda na kutoka. Tulimwambia kijana hivyo mara tatu, naye akaitikia, "Ndiyo, mama," kwa sauti ya mtu anayefikiria injini.

Mtungi wa daladala haufai kazi hii

Mtambo wenyewe si mgumu kuuelewa. Kuna chupa ya chuma au ya alumini iliyojazwa povu kwa mgandamizo. Zile za rali mara nyingi huwa za lita 2 hadi 4. Kutoka katika chupa hutoka mabomba membamba yanayokwenda kwenye injini na ndani kwa dereva, na mwishoni mwa kila bomba kuna nozeli ya kunyunyizia. Kisha kuna mipini miwili, mmoja ndani na mwingine nje karibu na kioo cha mbele. Mipini hiyo huvuta kebo ya chuma. Katika mitambo mingine kuna swichi za umeme badala ya kebo. Povu hutumika kwa sababu hutandaza utando juu ya petroli na kuunyima moto hewa. Maji matupu huisambaza petroli inayowaka, ikaenda mbali zaidi.

Sasa kwa nini mtungi mwekundu wa daladala usiunganishwe na mabomba? Fundi mzee alituonyesha kwa chupa ya soda. Mrija ulio ndani ya mtungi huo hufyonza kutoka chini, na umetengenezwa utumike ukiwa umesimama wima. Gari la rali likipinduka, nalo hupinduka, mrija huo hubaki hewani na kinachotoka ni gesi tupu. Zaidi ya hayo mingi ina unga, na unga hugandamana katika mabomba membamba. Ukitoka wote katika kijichumba cha gari huziba macho na pumzi za mtu ambaye tayari anatafuta mlango. Wala hakuna aliyepima kiasi gani kingefika kwenye injini na kiasi gani kwa dereva. Hapa jibu letu kwa mama ni hapana. Kijana anaweza kufunga mtambo kwa mikono yake, lakini asiubuni. Anunue uliokwisha kupimwa. Shirikisho la kimataifa la mbio za magari, FIA, lina orodha ya mitambo iliyoidhinishwa, na kanuni za mashindano anayotaka kuingia humwambia upi unakubaliwa.

Mtungi mwekundu usitupwe. Rali hutaka pia kizima moto cha mkononi, kilichofungwa kwa mikanda ya chuma inayofunguka upesi. (Na kwa kuwa tumezitaja daladala: safari ijayo utazame mshale wa mtungi ulio karibu na dereva. Tumepanda nyingi ambazo mshale umelala kwenye nyekundu, na mingine imefungiwa kabatini kwa kufuli.)

Onyo jingine juu ya chupa kuukuu zinazotolewa katika magari ya zamani. Nyingine zina gesi ya haloni, ambayo huzima moto vizuri lakini huharibu tabaka la ozoni. Utengenezaji wake ulikomeshwa mwaka 1994 katika nchi zilizoendelea na mwaka 2010 katika nchi kama zetu. Chupa ya namna hiyo haijulikani ilijazwa lini wala imebakiza nini.

Kazi ya chini ya mwembe

Chupa hufungwa kwanza. Mahali pake ni chini, sakafuni, kwa kawaida nyuma ya viti, ndani ya eneo linalolindwa na kizimba cha mabomba ya chuma. Kijana alikuwa ametoboa bati la sakafu na kutia skrubu fupi. Fundi mzee alitikisa kichwa. Kanuni za FIA hutaka vishikizo vistahimili kishindo cha mara 25 ya uzito wa chupa. Kama chupa ina kilo 6, katika kugonga itavuta kama mzigo wa kilo 150. Hebu fikiria mzigo huo ukiruka kutoka nyuma ya kichwa chako. Basi zitumike bolti zinazopenya sakafu yote, na chini yake sahani ya chuma ili bati lisichanike. Mipira ya baiskeli na mikanda ya plastiki haifai. Jinsi chupa inavyolala, na upande gani mdomo wake uelekee, hufuatwa maelezo ya mtengenezaji, kwa sababu mrija wa ndani umepangwa kwa mlalo huo na si mwingine.

Mabomba ndiyo yaliyotupendeza zaidi, maana yanafanana na kazi yetu. Bomba la alumini hukatwa kwa kikata-bomba cha kuzungusha. Msumeno huacha chembechembe, na chembe moja yatosha kuziba tundu la nozeli. Ncha husafishwa ndani na nje, kisha bomba hupulizwa kwa upepo wa kompresa kabla ya kuunganishwa. Linapopindwa lipindwe kwa duara kubwa, lisikunjike. Muuguzi yeyote anajua kwamba mpira wa dripu uliokunjika haupitishi kitu, hata chupa ikijaa. Bomba linapoingizwa katika kiungio lisukumwe hadi mwisho. Fundi mzee huweka alama ya kalamu kabla ya kusukuma, ili aone kama limeingia lote. Linapopita katika ukuta wa bati unaotenganisha injini na dereva, tundu livishwe mpira, la sivyo mtikisiko wa barabara za vumbi utalikata bomba kama kisu. Tena lipite mbali na ekzosi.

Nozeli za injini huelekezwa mahali petroli inapoweza kumwagikia na pale penye joto kali, yaani sehemu ya kuingizia mafuta na upande wa ekzosi. Za ndani huelekezwa kwenye miguu na mapaja ya dereva na msoma ramani, zisiwaelekee usoni. Kebo za kuvutia nazo zizunguke kwa upole. Kebo iliyopindwa kwa pembe kali huwa nzito kuvuta, na mtu anayewaka hana nguvu za akiba. Kama mtambo ni wa umeme, uwe na betri yake wenyewe, usitegemee ya gari. Sababu ni kwamba moto ukitokea, jambo mojawapo la kwanza ni kuukata umeme wote wa gari, ili injini izimike na pampu iache kumimina petroli juu ya moto.

Swichi hiyo ya kukata umeme nayo lazima ifikike kutoka ndani na kutoka nje. Ya nje huonyeshwa kwa alama ya cheche nyekundu ndani ya pembetatu ya buluu. Mpini wa nje wa kizima moto huonyeshwa kwa herufi E nyekundu ndani ya duara jeupe lenye ukingo mwekundu, la upana usiopungua sentimita 10. Mama, ukienda kutazama mbio, mwonyeshe kila mtu wa nyumbani kwako hiyo E. Anayefika wa kwanza kwenye gari lililopinduka mara nyingi si mwokoaji mwenye mafunzo. Ni mkulima aliyekuwa shambani, au watoto waliokaa juu ya kichuguu.

Kujaribu hufanywa kebo zikiwa zimetenganishwa na chupa. Mipini ivutwe yote miwili, mtu mwingine akitazama kule nyuma kama kebo inatembea sawasawa. Mtambo wa umeme huwa na taa yake ya majaribio. Hapo kijana wetu alifaulu, akatutazama kama mtu aliyemaliza kazi.

Ndipo fundi mzee akamwambia akae kwenye kiti cha dereva, avae kofia na glavu, akazwe mikanda yote mpaka mabega yasiweze kuinuka. Kisha akamwambia afumbe macho na avute. Mkono ulikwenda, ukapapasa hewa, ukagonga gia, ukarudi. Hakuufikia. Alijinyoosha, mikanda ikamrudisha. Tulihesabu hadi kumi na tano tukaacha. Mpini alikuwa ameuweka vizuri kabisa kama ulivyo katika picha ya maelezo, ila gari la katika picha lina usukani upande wa kushoto, na letu upande wa kulia. Hakuna aliyecheka. Kanuni inataka dereva aufikie mwenyewe akiwa ameketi kama kawaida na mikanda imefungwa, nasi tuliona kwa macho yetu sababu yake. Kijana alivua kofia, jasho likimtiririka, akasema, "Ningekufa."

Pini na mpangilio

Pini ya usalama itolewe kabla gari halijaondoka kuanza mbio, na irudishwe gari likirudi gereji. Isiwe kazi ya "yeyote atakayekumbuka". Tumependekeza msoma ramani ndiye aitoe, amwonyeshe dereva mkononi mwake, aitie mfukoni, na bila hivyo dereva asiwashe injini.

Moto ukitokea, gari lisimamishwe kwanza, kwa kuwa upepo wa mwendo hupeperusha povu na kuuchochea moto. Kisha umeme ukatwe, mpini uvutwe, mikanda ifunguliwe, watu watoke. Asiyeweza kutoka avute tu, mengine baadaye. Wakishatoka wasirudi kufungua boneti kuona kilichotokea. Boneti likifunguka hewa huingia na moto hufufuka. Wajizoeze mpangilio huo gari likiwa limesimama, mara nyingi, hadi mikono ifanye bila kuulizwa.

Kila baada ya miaka miwili, au mapema kama mtengenezaji anasema hivyo, chupa ikaguliwe na watu wenye vifaa vya kazi hiyo. Asiifungue mwenyewe. Hii ndiyo sehemu moja ambayo fundi wa nyumbani hana ruhusa, kwa sababu mgandamizo ulio ndani unaweza kumvunja uso. Povu lililotumika lisimwagwe kijitoni wala karibu na kisima, kwa maana mengi yana kemikali zinazokaa katika maji na udongo miaka mingi.

Akishaungua

Hapa tuko nyumbani kwetu. Nguo zinazowaka zizimwe kwa kumlaza mtu chini na kumviringisha, au kumfunika kwa blanketi zito. Halafu maji safi ya baridi ya kawaida, yakitiririka juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20 kamili. Hata kama zimepita saa mbili au tatu, bado yanasaidia, kwa hiyo msiseme tumechelewa. Barafu isitumike. Pete, saa na bangili zivuliwe mapema kabla mikono haijavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi iachwe. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe asipate baridi, na jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi. Dawa ya meno, yai, siagi, masizi, unga na udongo vyote tumeviondoa katika majeraha ya watu kwa masaa, mgonjwa akilia, na kila kimoja kilipakwa na mtu aliyempenda.

Aliyevuta moshi aletwe hospitali mara moja, hata kama anaongea na kudai yuko salama. Tazama nywele za pua kama zimeungua, mate kama yana masizi, sauti kama imekwaruza. Koo huendelea kuvimba kwa saa kadhaa, na mtu aliyefika akizungumza saa kumi jioni aweza kushindwa kupumua usiku. Vivyo hivyo aliyeungua uso, mikono, viungo vya kukunja au sehemu za siri asitibiwe nyumbani.

Wiki tatu baadaye tulipita tena gereji. Mama aliuza ndama, si ng'ombe, na shangazi mmoja akaongeza kilichopungua. Bolti nene zimepenya sakafu na sahani zake ziko chini. Mpini umehamishwa, kijana alifumba macho mbele yetu, akaufikia kabla hatujamaliza kusema "moja". Tarehe ya kukagua chupa imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya parokia sebuleni. Tundu la kwanza alilotoboa kwenye dashibodi bado linaonekana, amelifunika kwa kipande cha bati na riveti mbili.